Montessori au shule ya miradi kwa ndugu wawili wasiofanana?

Mama Salome, Buswelu

Habari zenu, wazazi wenzangu na walimu. Mwakani mimi na baba watoto tumepanga kuwahamisha watoto wetu wawili. Salome ana miaka 8. Kwa mdomo anaeleza jambo vizuri mno, lakini kusoma kunamtesa: hugeuza herufi, huruka mistari, na sasa ameanza kukataa kusoma mbele ya wenzake. Mdogo wake wa miaka 5 hatulii, hudadisi kila kitu, na hukasirika sana akikatishwa jambo alilolianza. Tumetembelea shule mbili, moja ya Montessori, ambako mtoto hujichagulia kazi na kuifanya kwa zana maalumu, na nyingine inayofundisha kwa miradi, yaani watoto hujifunza kwa kufanya kazi ya pamoja juu ya jambo halisi. Mimi naona Salome, ambaye ni mpole, aende Montessori, na huyu mchangamfu aende kwenye miradi. Baba yao anataka wasome pamoja kwa sababu ya ada na nauli. Naombeni ushauri, maana sitaki mmoja aumie kwa kufuata kilichomfaa mwenzake.

Mwalimu wa awali, Nyegezi

Mama Salome, upole na uchangamfu visiwe kigezo chenu cha kwanza. Katika darasa la Montessori linaloendeshwa ipasavyo, mtoto huchagua zana mwenyewe, huitoa rafuni, hutandika mkeka wake sakafuni na kufanya kazi yake bila kukatishwa, kwa kipindi kinachoweza kuchukua muda wa saa tatu mfululizo. Huyo mdogo anayekasirika akikatishwa anaweza kutulia humo kuliko mnavyotarajia, kwa sababu haruhusiwi kusumbua wenzake lakini halazimishwi kukaa kwenye dawati.

Kwa Salome, wazo lenu lina msingi. Maria Montessori, daktari wa Italia, alifanya kazi na watoto wenye ulemavu wa akili kabla ya kufungua nyumba yake ya watoto katika mtaa wa San Lorenzo, Roma, tarehe 6 Januari 1907, na zana zake kadhaa zina asili katika kazi hiyo ya mwanzo. Herufi za msasa, ambazo mtoto huzipapasa kwa vidole huku akitamka sauti zake, zinaweza kumfaa mtoto anayegeuza herufi, kwa kuwa mkono nao hujifunza herufi inaanzia wapi na inaelekea wapi. Tatizo ni umri. Shule nyingi zenye jina la Montessori huishia madarasa ya awali, ilhali Salome anahitaji darasa la rika la miaka 6 hadi 9. Akichanganywa na watoto wa awali ataona aibu, na aibu ndiyo iliyokwisha kumfanya akatae kusoma. Tena, jina la Montessori halimilikiwi na shirika moja, kwa hiyo ulizeni walimu walisomea wapi mbinu hiyo. Rafu nzuri peke yake si ushahidi.

Baba Kulwa, Igoma

Shikamoo Mwalimu. Mama Salome, mapacha wangu wanasoma shule ya miradi, na wao pia hawafanani. Darasa lao lilifuatilia bei ya dagaa kule soko la Mwaloni, Kirumba: waliuliza wafanyabiashara, wakapima, wakakokotoa na kuandika ripoti. Doto, ambaye kusoma kwake ni kwa shida, aling'ara katika kuuliza maswali, na kwa mara ya kwanza nilimwona akijivunia kazi ya shule. Hata hivyo ripoti iliandikwa na Kulwa pamoja na wengine wanaosoma vizuri, na Doto akapewa kupaka rangi michoro. Katika kundi, mtoto wa namna hiyo hujificha kwa urahisi sana, na ripoti ikipendeza hakuna anayegundua. Kusoma kwake kulianza kusogea pale mwalimu alipomtengea muda wake peke yake kila siku, nje ya mradi. Kwa hiyo msiridhike na maonyesho ya ukutani. Ombeni kuona daftari la mtoto mmoja mmoja.

Mama Salome, Buswelu

Ahsanteni sana. Sikuwa nimefikiria suala la umri. Ile shule ya Montessori tuliyoiona inaishia awali. Ya miradi ina awali na msingi. Je, upimaji wa kitaifa wa Darasa la Nne hautamkwamisha Salome akienda huko?

Mwalimu wa awali, Nyegezi

Upimaji huo ni wa maandishi, na shule yoyote inayofuata mtaala wa taifa italazimika kumwandaa. Muulizeni mwalimu mkuu kwa uwazi ni nani atakayemfundisha Salome kusoma, kwa saa ngapi kwa wiki, na kama kazi hiyo imo katika ratiba au inategemea huruma ya mwalimu. Kabla ya hapo apimwe macho na masikio. Kliniki ya macho ipo hospitali ya Bugando hapa Mwanza, na matokeo yake yanaweza kubadilisha mjadala wote.

Kama uwezo ni wa shule moja tu, ichagueni kwa kumtazama Salome, kwa sababu muda wake kabla ya Darasa la Nne ni mfupi. Mdogo wake bado ana nafasi, na akiwa na miaka 5 hatapungukiwa katika shule ya miradi, ilimradi walimu wa awali wamwachie amalize alichokianza. Kaeni darasani humo asubuhi nzima, mhesabu ni mara ngapi watoto wanakatishwa kazi.