Mdondo umenimalizia kuku, sasa naambiwa chanjo nidondoshe jichoni. Inafanyaje kazi?

Wa_Nzuguni: Wakuu, habari za jioni. Nina kuku wa kienyeji 64 hapa Nzuguni, Dodoma, au niseme nilikuwa nao. Niliwachanja mdondo (kideri, Newcastle) kwa maji: asubuhi nikamimina chanjo kwenye ndoo ya maji ya bomba, wakanywa hadi jua linazama. Wiki tatu baadaye wakaanza kuzubaa, kinyesi kijani, mtetea mmoja shingo ikapinda akawa anatazama mgongo wake. Wamebaki 19. Leo muuzaji wa dawa za mifugo ananiambia wapya niwadondoshee jichoni. Kuku anakohoa na kuharisha, jicho linahusikaje? Nielewesheni kabla sijatoa hela tena.

Zabibu_Kavu: Pole mkuu. Hapo hukuchanja, uliwanywesha maji tu.

Mtu_wa_Mifugo: Zabibu kasema kweli ingawa kwa ukali. Chanjo ile ni kirusi hai kilichodhoofika. Klorini ya bomba inakiua, na kilichobaki kikimaliza siku nzima kwenye joto la Dodoma, jioni hamna kitu. Ya maji hunywewa ndani ya saa mbili, kuku wakiwa na kiu, na kila mmoja anywe vya kutosha. Wanyonge husukumwa pembeni.

Sasa jicho. Sisi tuna mitoki kwapani, kuku hana. Ana tezi ya Harder, imejificha nyuma ya jicho, imejaa chembe za kinga. Ukidondosha, kirusi dhaifu kinazaliana kidogo palepale, kingine kinateremka na machozi hadi puani na kooni. Tezi inashtuka na kutengeneza kingamwili za IgA, zinatoka na machozi na kukaa kwenye ute. Fikiria mlenda: kirusi cha mdondo kikija na vumbi la banda kinanasa humo kabla hakijashika mwili. Za damuni, IgG, zinapatikana pia, ila zenyewe zinakingoja kirusi kikishaingia.

Mama_Vifaranga: Mimi huwa nachoma sindano, nimekosea?

Mtu_wa_Mifugo: Hapana dada, ila chanjo ya sindano, ile ya kirusi kilichouawa, inajaza kingamwili damuni, kwenye ute haba. Kuku wako anaweza asife, lakini kirusi kikazaliana kooni mwake na kuambukiza wa jirani. Na angalia ugonjwa wa Gumboro: unaharibu bursa, kiungo kinachozalisha chembe za kingamwili. Kifaranga akishaupata, chanjo ya mdondo haimkolei.

Zabibu_Kavu: Chanjo ya jichoni ya I-2 inatengenezwa hapa hapa Kibaha, inavumilia joto kidogo. Tone moja, jicho moja, rudia kila miezi mitatu. Anayeumwa tayari haimponyi. Na mkuu, usiwachanganye wapya na hao 19 kabla wiki mbili hazijaisha.

Wa_Nzuguni: Nashukuruni. Mitetea kumi ya Kongwa nimeifungia kwa shemeji, tumechanja asubuhi hii. Wa kwanza nilibana chupa ikiwa imelala, tone likamwagika shavuni, nikarudia. Waliofuata nimeshika chupa wima, mdomo chini, shemeji kamlaza kuku ubavu, tukasubiri apepese na tone lizame ndipo anamwachia. Kumi wote, dakika ishirini, na mikwaruzo miwili mkononi mwangu.