Majirani Kaloleni: Dunga Jumamosi

Mwalimu Rashidi: Asalaam aleikum majirani. Ile safari ya kutembea Dunga, kwenye kinamasi cha mafunjo kando ya Ziwa Victoria hapa Kisumu, imepata siku, Jumamosi hii inshallah. Vijana wa pale ufuoni wanaotembeza wageni wametutengea waongozaji wawili. Anayekuja aandike jina, na watoto tuwajue ni wangapi. Malipo tutachanga, hesabu nitaileta kesho.

Mama Zuhura: Waaleikum salaam Mwalimu. Mimi na wanangu wawili tumo. Saa ngapi?

Mwalimu Rashidi: Saa kumi na mbili na nusu asubuhi tuwe tushafika.

Baba Salim: Alfajiri yote hiyo? Si twende saa nne tukishakunywa chai, halafu tule samaki hapo hapo?

Mwalimu Rashidi: Samaki tutakula Baba Salim, ondoa shaka. Lakini saa nne jua limewaka na ndege wa mafunjoni wamenyamaza, wamezama ndani. Hawa si yangeyange wa kusimama peupe. Kuna ndege kama watano hivi ambao kwao ni kwenye mafunjo. Yakiisha, nao wameisha. Yuko mmoja ambaye watu hupanda ndege kutoka ng'ambo kuja kumtafuta: mgongo mweusi, kifua chekundu cha kuwaka, utosi wa manjano. Anaitwa gonoleki. Utamsikia kabla hujamwona. Mmoja anaita, mwenzake anadakia papo hapo, hata utaapa ni ndege mmoja. Mwongozaji akiinua mkono, sote kimya. Hapo ndipo utajua kwa nini nakuamsha mapema.

Salma: Mwalimu mimi niko 🙌 Darubini ninayo moja, tutapokezana.

Bibi Saada: Wanangu, hamjambo. Na viboko je? Msiwapeleke watoto wa watu kule bila kufikiri.

Mwalimu Rashidi: Shikamoo Bibi. Umeuliza la maana. Kiboko hutoka usiku kula majani, kukipambazuka anarudi majini. Hatari ni kumkuta njiani ukawa umesimama kati yake na maji. Ndiyo maana hatuendi wenyewe. Wale vijana wamezaliwa pale, wanazijua njia zake, wanasoma nyayo kabla hatujapita. Wakisema turudi, tunarudi, hakuna kubishana.

Bibi Saada: Marahaba. Basi hapo sawa.

Mama Zuhura: Zuhura anauliza kama ataona nzohe, yule swala wa kinamasini. Wamesomeshwa shuleni.

Mama Akinyi: Mwambie asiweke tumaini sana, mama. Mimi nimekulia Dunga na wako watu wazima kule hawajamwona. Kwato zake ni ndefu, zinatanuka, ndiyo maana anatembea kwenye tope asizame. Akishtuka huingia majini akabakisha pua tu. Lakini alama za kwato anaweza kuonyeshwa, na hilo si dogo kwa mtoto.

Baba Salim: Mama Akinyi, sasa wewe ndiye wa kuniambia. Kila nikipita nakuta watu wanakata mafunjo mzigo kwa mzigo. Kama ndege hawana pengine pa kwenda, mbona hawazuiwi?

Mama Akinyi: Baba Salim nitakujibu kwa urefu, maana jambo hili linaniuma. Mama yangu alitulea kwa mikeka ya mafunjo. Anayejua kazi anakata yaliyokomaa, anaacha machanga, na kisiki chake hakigusi. Funjo linachipua tena kutoka kwenye shina lake la chini, baada ya miezi umerudi pale pale. Na hakati upande mmoja mpaka uishe, anahama. Shika bua moja Jumamosi ulitazame: lina pembe tatu, nje gumu, ndani jepesi jeupe. Anayelisuka hataki liishe.

Kinachomaliza ni moto. Ziwa likishuka, kingo zikakauka, mtu anawasha apate shamba la mboga. Viota, vifaranga, vyote vinakwenda. Tena wakishalima hawaachi hata mizizi. Hapo ndipo watu wapigie kelele, si kwa mama mwenye panga na mzigo mmoja kichwani.

Baba Salim: Nimeelewa. Ahsante sana mama.

Mwalimu Rashidi: Nami niongeze, maana wengi hapa tunakula samaki wa ziwani, omena na ngege. Maji machafu ya mji yakipita kwenye mafunjo, mizizi inazuia uchafu mwingi usifike ziwani. Na mbuta, yule samaki mkubwa (sangara), ambaye aliletwa tu ziwani humu miaka ya 1950 na 1960 akawala samaki wetu wadogo wengi, hapendi mle ndani kwa sababu hewa ya majini ni haba. Baadhi ya wale wadogo walisalimikia humo. Natamani watoto walisikie hili wakiwa wamesimama pale pale, si darasani.

Salma: Tutapanda mtumbwi pia?

Mama Akinyi: Itategemea upepo. Ukisukuma gugu maji upande wetu, mtumbwi haupenyi. Tukipanda, kila mtu avae jaketi la kuokolea, hata anayejua kuogelea.

Mama Zuhura: Wavae nini miguuni?

Mwalimu Rashidi: Gambuti kwa aliye nazo. Asiye nazo viatu vya kufunika. Tafadhali mtoto asiingie majini miguu mitupu, kichocho kipo. Nguo ziwe za rangi iliyopoa, kijani au kahawia, ndege wasishtuke.

Bibi Saada: Mimi magoti hayaniruhusu kwenda mbali, ila nataka kumsikia huyo ndege.

Mama Akinyi: Bibi utakuja. Anasikika hata karibu na ufuo, kwa dada yangu utapewa kiti ukae, na mimi nitakaa nawe.

Mwalimu Rashidi: Bibi ameandikwa wa kwanza 🙏 Tukutane nje ya msikiti saa kumi na mbili kasorobo, baada ya swala. Tuktuk tatu zinatosha, naziagiza leo.

Baba Salim: Niandike mimi, Salim na mdogo wake. Chai nitakunywa saa kumi na moja.