Wakuu, UE (mtihani wa mwisho wa muhula chuoni) ya Utangulizi wa Akili Mnemba ni wiki ijayo, nianzie wapi?

mwaka_wa_pili:
Habari za jioni wakuu. Nasoma sayansi ya kompyuta na wiki ijayo tuna UE ya akili mnemba. Silabasi ni ndefu: historia, algorithimu za utafutaji, michezo, mantiki, Bayes (kanuni ya uwezekano), halafu ujifunzaji wa mashine. Slaidi ni nyingi mno, lakini kwenye mitihani ya nyuma alama nyingi ziko kwenye maswali ya kukokotoa kwa mkono. Mliopita huku, nipe kipi kipaumbele? A*, ile algorithimu ya kutafuta njia ya gharama ndogo, ndiyo inanisumbua zaidi, mara nyingi njia ninayopata siyo ya gharama ndogo.

fundi_kodi:
Pole mdogo wangu. Slaidi weka pembeni, chukua karatasi na kalamu.

Kwenye A*, f = g + h: g ni gharama uliyotumia tangu mwanzo, h ni makadirio ya iliyobaki. Kinachoponza wengi ni kujua wapi pa kusimama. Chukulia S ndiyo mwanzo na G ndiyo lengo. S kwenda G moja kwa moja ni 9. S kwenda A ni 2, A kwenda G ni 5, na h ya A ni 4. Ukishafungua S, foleni (orodha ya sehemu zinazosubiri kufunguliwa) ina A yenye f ya 6 na G yenye 9. Watu wakiiona G tu wanaandika 9 na kuhamia swali lingine. Usifanye hivyo! Toa kwanza yenye f ndogo, yaani A, na hapo G inashuka hadi 7. Unasimama G inapotolewa kwenye foleni, siyo inapoingia.

Wakikuuliza kama hiuristiki, yaani hayo makadirio ya h, inakubalika, angalia kama kuna mahali h inazidi gharama halisi iliyobaki. Hapo juu 4 haizidi 5, iko salama. Na andika foleni nzima kila hatua, alama za kuonyesha hatua zinaokoa watu.

binti_takwimu:
Bayes usiikariri kikavu, tumia watu 1,000. Ugonjwa una 1%, kipimo kinamnasa mgonjwa kwa 90% na kinamsingizia mzima kwa 10%. Wagonjwa ni 10, wanaonaswa 9. Wazima ni 990, wanaosingiziwa 99. Aliyeambiwa anao, uwezekano wa kuumwa kweli ni 9 kwa 108, kama 8.3%. Wanaojibu 90% ni wengi sana, inasikitisha.

mzee_wa_minimaksi:
Kwenye michezo kuna minimaksi (mmoja anatafuta thamani kubwa, mpinzani ndogo), na alfa-beta ni njia ya kuruka matawi yasiyobadili jibu. Chora mti mkubwa, andika alfa (bora aliyonayo wa kubwa hadi sasa) na beta (bora ya wa ndogo) pembeni ya kila nodi, yaani kila kituo cha mti, kata tawi pale alfa inapofikia au kuzidi beta. Ukimaliza, thamani ya mzizi lazima ilingane na ya minimaksi ya kawaida. Isipolingana, kuna tawi limekatwa kimakosa.

Historia ipe jioni moja tu. Makala ya Turing kuhusu mashine kufikiri 1950, warsha ya Dartmouth iliyoanzisha fani 1956, kompyuta Deep Blue kumshinda Kasparov kwenye sataranji 1997. Ila ujue kueleza kwa nini persepitroni moja (neuroni bandia moja) haiwezi XOR (jibu ni 1 pale tu ingizo mbili zinapotofautiana): hakuna mstari mmoja ulionyooka unaotenganisha majibu ya 1 na ya 0.

mwaka_wa_pili:
Asanteni sana wakuu, nimerudia A* ya mtihani wa nyuma na imekubali. Mantiki je?

fundi_kodi:
Kwenye rezolusheni (uthibitisho kwa kutafuta mkinzano) kanusha kwanza unachotaka kuthibitisha, ndipo ugeuze sentensi zote kuwa CNF, yaani vishazi vya "au" vilivyounganishwa kwa "na". Ukifika kwenye kishazi kitupu, yaani mkinzano, umemaliza. Weka hapa swali lolote litakalokukwamisha, usiku huu nipo.