Jamaa wa Fargo (kikundi cha familia)

Jumapili, 2 Novemba 2014

[14:05] Mama Neema: Habari za ibada wapendwa. Jumanne ni kura. Wenye uraia msiishie kwenye majina ya wagombea, shukeni mpaka hoja namba 8. Wananchi wameileta kwa saini zaidi ya 13,000. Wanataka shule za umma jimbo zima la North Dakota zisifunguliwe mpaka Leba Dei, ile sikukuu ya wafanyakazi ya Jumatatu ya kwanza ya Septemba, ipite. Nani anahitaji gari?

[15:40] Mama Neema: Mbona kimya? Nawaona mnaingia na kutoka.

[15:52] Pascal: Mimi saa imenichanganya. Imerudishwa nyuma usiku kama kila Novemba huku, nimefika kanisani mlango umefungwa 😂

[15:53] Shangazi Leokadia: 😂😂 ndiyo maana ulisinzia

[15:55] Mama Neema: Pascal tafadhali. Mwakani Leba Dei ni tarehe 7 Septemba. Saa moja asubuhi niko hotelini natandika vitanda. Wanangu nitamwachia nani Agosti yote? Shuleni wanakula mchana. Mimi HAPANA.

[16:20] Baba Eliya: Mimi NDIYO. Jua la huku ni la kuhesabu siku. Eliya akifanya kazi mpaka Septemba ananisaidia kodi ya nyumba.

[16:22] Mama Neema: Wakichelewa kuanza watachelewa kufunga. Theluji ikila siku tatu nne, zinalipwa Juni. Kila wilaya ijipangie yenyewe kama sasa.

[16:30] Pascal: Waanze Januari kama Kasulu, Tanzania

[16:41] Shangazi Leokadia: Gari lenyewe ni lile la siku ya msiba? Nilisimama nje na sufuria ya wali mpaka mfuniko ukaganda. Hata simu hukupiga.

[16:44] Mama Neema: Shangazi, hilo tulilimaliza mbele ya mchungaji.

[16:44] Shangazi Leokadia: Ulilimaliza wewe.

[18:52] Babu Zakaria: Wanangu nimesoma yote. Nilikimbia kwetu 1972 nikiwa kijana. Kambini chaki ikija mnasoma, ikiisha mnarudi nyumbani, hakuna aliyeniuliza neno. Jumanne naulizwa. Ndiyo au hapana ni ya mtu na moyo wake, ila asiyekwenda asije kulalamika kwangu. Leokadia, utapanda gari la Mama Neema, na utakaa mbele.

[18:55] Shangazi Leokadia: Nimesikia Mzee.

[18:56] Baba Eliya: Asante Mzee.

[19:01] Mama Neema: Asante Mzee. Basi saa kumi jioni nikitoka kazini, naanza na wewe. Vitambulisho jamani! Huku hakuna kujiandikisha, lakini anwani ya kwenye leseni iwe ya unapokaa.

[19:10] Baba Eliya: Yangu bado ya nyumba ya zamani.

[19:10] Mama Neema: Tangu Machi?! Kashughulikie kesho.

[19:14] Baba Eliya: Kesho naingia saa kumi na moja alfajiri.

[19:15] Mama Neema: Nani anajua kuibadilisha kwa simu?

[22:37] Furaha: Samahani nilikuwa zamu. Mimi uraia bado, ila Jumanne naweza kukaa na watoto. Niletewe wangapi?