Naomba ushauri: laptop ya alumini inaliwa pale ninapoweka kiganja

Habari zenu wakuu. Laptop yangu ina bodi ya alumini, huu ni mwaka wa nne ninayo. Upande wa kushoto, pale kiganja kinapolala ninapochapa, vilianza vidoa vyeupe vidogo na sasa vimekuwa vishimo. Ukipitisha kidole unahisi mkwaruzo. Mikono yangu hutoka jasho sana, na najua chumvi ya jasho ikishapenya ule utando wa oksaidi unaoilinda alumini, huila kwa vishimo vishimo. Kulia ni safi kabisa, labda kwa sababu mkono huo unashinda kwenye mausi.

Nimefuta kwa kitambaa laini chenye spiriti kidogo: uchafu umetoka, vishimo vimebaki. Rafiki anasema nipige msasa laini. Nasita, maana naona nitaondoa hata utando uliobaki.

Je, nikibandika stika pale, kutu itasimama au nitafungia unyevu ndani? Na kuna aliyewahi kupiga msasa kisha akapaka vanishi, ikadumu? Mashine inafanya kazi vizuri, sitaki kubadilisha kava zima kwa ajili ya sura tu.