Njia za vumbi za baiskeli Tanga: Amboni, Pangani na kupanda Amani

Kijana wa Pugu

Shikamooni wakubwa, na wenzangu habari zenu. Mwezi wa saba nakuja Tanga siku tisa, nitafikia kwa shangazi yangu Chumbageni. Nakuja na baiskeli yangu ya gia, tairi za milimita 40, breki za diski. Kwa Dar nimezoea Pugu na Kisarawe kila Jumamosi, kwa hiyo vumbi na vilima havinitishi.

Sitaki lami. Nataka mito, mashamba na mlima. Kwenye ramani naona njia nyingi mno katikati ya mashamba ya mkonge, lakini ramani haisemi ipi inapitika. Pia nilipanga kwenda Amani, kule juu kwenye milima ya Usambara, na kurudi mjini siku hiyo hiyo. Inawezekana? Na Mto Zigi watu wanauvukia wapi?

Mpemba wa Kigombe

Karibu sana. Mimi nakushauri uanze na pwani. Shika barabara ya Pangani, ni kama kilomita 50. Utapita Tongoni, usimame kidogo uone magofu ya msikiti na yale makaburi ya kale yenye nguzo, kisha uendelee mpaka Kigombe. Ukikuta sehemu wanatengeneza lami, jihadhari na malori ya kifusi. Kwenye mchanga usipige kona kwa ghafla. Pangani lala usiku mmoja. Ukitaka kuona upande wa Bweni, kivuko kinabeba watu na baiskeli. Ule mto una mamba, usiende kuoshea baiskeli ukingoni.

Fundi Mikanjuni

Mdogo wangu, karibu Tanga. Mimi ni fundi baiskeli, na kila Jumapili nafunga banda nakwenda njia. Nitakujibu kwa urefu kwa sababu swali lako la Zigi limenigusa.

Kwanza Amani. Kwenda na kurudi siku moja kutoka mjini, usifanye. Hadi Muheza ni kama kilomita 40 za lami, na kutoka Muheza hadi Amani 35 hivi za mlima na mawe. Miguu yako labda itaweza. Lakini utashuka jioni, umechoka, kwenye kona zenye kivuli cha msitu, na hapo ndipo watu wanapoanguka. Hiyo lami ya Muheza nayo ina mabasi na malori ya Segera usiku na mchana. Pakia baiskeli juu ya keria ya daladala, shuka Muheza na nguvu zako zote, ndipo uanze safari.

Siku ya kwanza, kwa kuipima baiskeli, nenda Amboni. Shika barabara ya Horohoro, kilomita kama 8, uingie kushoto Kiomoni kwenye mapango. Chini yake unapita Mkulumuzi. Waombe vijana wa pale wakuelekeze majimoto ya Galanos. Harufu ya kiberiti utaipata kabla hujayaona maji. Udongo wa huko ni mweupe, wa chokaa. Ukikauka ni mzuri sana kwa tairi, ukiloa unateleza kama sabuni.

Sasa mkonge. Barabara za mashambani zimenyooka, unaweza kwenda nusu saa bila kukutana na mtu, na ndiyo raha yake. Lakini vitalu vyote vinafanana na kivuli hakuna. Beba lita tatu za maji, na ukifika kwenye geti piga hodi kwa mlinzi, mwambie unapita tu, maana yale ni mashamba ya wenyewe. Halafu kuna ile ncha ya jani, nyeusi, ngumu kama msumari. Ikichoma tairi mara nyingi inavunjikia ndani, kwa nje huoni kitu. Niliwahi kuziba tyubu moja mara tatu kati ya Pongwe na Muheza, kila nikijaza upepo, mita mia mbili, chini tena. Mara ya nne nikavua tairi lote, nikaligeuza ndani nje, nikapitisha kidole taratibu kuzunguka. Ikanichoma kwenye gumba. Ilikuwa imebaki kipande kidogo kuliko punje ya mchele. Nikaichomoa kwa plaizi na pancha ikaisha. Basi usizibe tyubu kabla hujaikagua tairi kwa kidole.

Zigi nitarudi kwake usiku, kuna mteja hapa.

Kijana wa Pugu

Asante sana fundi, na wewe wa Kigombe. Hilo la daladala sikulifikiria kabisa. Kwa hiyo nikilala Amani, kuna pa kulala na kula?

Binti Muheza

Pa kulala papo, hifadhi ya msitu wa Amani ina nyumba za wageni, Amani kwenyewe na pale Sigi, chini ya mlima. Beba fedha taslimu, geti la Sigi utalipa kiingilio. Usilipite haraka kaka yangu. Ile nyumba ya zamani pale ni ya mkuu wa stesheni wakati wa Wajerumani. Walikuwa na reli ndogo ya kubebea mbao kutoka Tengeni hadi Sigi. Huko juu Amani ndiko walikoanzisha kituo chao cha utafiti wa mimea mwaka 1902, na miti waliyoileta kutoka kila pembe ya dunia bado imesimama.

Kutoka Sigi kupanda ni kilomita 9 hivi na unapanda karibu mita 450. Mimi nasukuma sehemu mbili, na wanaume wengi ninaowaona nao wanasukuma. Asubuhi kuna ukungu, baridi kweli, beba sweta. Amani inapata karibu milimita 2,000 za mvua kwa mwaka, mwezi wa saba nao hunyesha, basi ule udongo mwekundu utakuganda kwenye magurudumu mpaka yasizunguke. Tafuta kijiti, ukwangue.

Kesho yake nenda mashamba ya chai ya Kwamkoro. Njia ni ya vumbi, inapanda na kushuka, msitu huku, chai huku. Ukishuka Muheza utakuta machungwa yamepangwa barabarani, na mama mmoja au wawili wana bada, ule ugali wa muhogo, na samaki. Kula hapo.

Fundi Mikanjuni

Dada wa Muheza amesema kweli yote. Naongeza moja la kushuka: punguza upepo kidogo, ukibonyeza tairi kwa gumba lizame kidogo. Diski zako ni nzuri, ila usizishike moja kwa moja mpaka chini. Shika, achia, shika, achia. Rafiki akija na baiskeli ya breki za mpira, rimu inapata moto mpaka tyubu inapasuka. Aje na mipira mipya ya breki na ya akiba mfukoni. Mimi ya kwangu iliisha yote kwenye mvua, nikashuka kwa miguu kuanzia juu mpaka kijiji cha Kisiwani, kiatu cha kushoto kikaisha soli.

Sasa Zigi. Mto huu unatoka huko Amani, unapita Sigi, unaingia bwawa la Mabayani ambalo ndilo linatupa maji mjini, kisha baharini. Maana yake mvua inaweza kunyesha mlimani wewe uko bondeni juani, na maji yakaja. Mwaka fulani, wakati wa vuli, nilivuka asubuhi baiskeli begani, maji magotini. Saa tisa narudi, pale pale, yamefika kifuani, rangi ya chai ya maziwa, yanazungusha magogo. Tulikuwa watu sita upande ule, mmoja ana kuku wawili anawapeleka sokoni. Tukakaa. Giza likaingia, mzee wa pale akatuchukua kwake, tukala muhogo, tukalala kwenye jamvi. Asubuhi maji yalikuwa yamerudi magotini.

Kwa hiyo vukia kwenye daraja. Ukilazimika kupita majini, usiangalie kina peke yake. Angalia rangi, na angalia kinachoelea. Ukiona majani mabichi na vijiti vipya vinashuka, huko juu mvua imepiga, hata kama hapo ulipo maji bado ni machache. Rudi, kaa na watu wa pale, uwaulize walivukaje jana.

Ukifika Chumbageni pita bandani Mikanjuni Jumamosi jioni, niikague hiyo cheni. Jumapili saa kumi na mbili asubuhi tunatoka watatu kwenda Amboni, utakuwa wa nne.