SFS au ya Wizara ya Ulinzi: binti yangu aombe ipi?

MamaNeema_Ohio: Hamjambo wapendwa. Binti yangu anaingia mwaka wa pili, kompyuta. Chuoni kwao kuna SFS (Scholarship for Service, ufadhili wa serikali kuu ya Marekani kwa wanaosomea usalama wa mtandao) na ufadhili kama huo wa Wizara ya Ulinzi, Cyber Service Academy. Ana grinikadi, uraia labda mwakani. Aombe ipi?

bitimbili: Shikamoo mama. Kwa grinikadi ni SFS tu, ile nyingine ni ya raia. SFS wanalipa ada, halafu posho dola 27,000 kwa mwaka kwa shahada ya kwanza (uzamili 37,000), na 6,000 za vitabu, mikutano na mitihani ya vyeti. Mwisho miaka 3. Kila mwaka uliolipiwa unaurudisha kwa mwaka wa kazi serikalini.

Mzito99: Bitimbili umemaliza utamu, niache niweke shubiri. Kuruhusiwa kuomba siyo kuajiriwa. Ofisi za serikali kuu karibu zote zinataka raia, na SFS kazi unajitafutia mwenyewe. Ukikosa, ule ufadhili unageuka mkopo.

Mimi nimemaliza Mei 2025. Ajira za serikali kuu zilikuwa zimesimamishwa tangu Januari. Ofa nilikuwa nayo mkononi, ikafutwa kwa barua pepe ya mistari mitatu, hata jina langu wamekosea. Mke wangu alidhani natania. Sasa nahangaika na serikali za majimbo, lakini huko nako kuna ukomo: asilimia 20 tu ya wahitimu wa SFS ndio wanaoruhusiwa.

DadaTatu: Pole kaka. Ndiyo maana mimi nilichukua SMART, ufadhili mwingine. Nayo ni ya Wizara ya Ulinzi, ila kituo cha kazi unakijua kabla hujasaini. Ubaya wake, unaweza kupangiwa mji ambao hata ugali wa kununua hakuna. Raia wa Uingereza, Kanada, Australia na New Zealand nao wanaomba. Sisi wa Kenya hatumo, msijisumbue.

MamaNeema_Ohio: Ahsanteni. Basi aape uraia kwanza, aombe akiingia mwaka wa tatu?

Mzito99: Ndivyo ningefanya, mama. SFS inaombwa chuoni, kwa profesa anayeisimamia. Amfuate ofisini amuulize: wahitimu wako wa mwaka jana, wangapi wameshaanza kazi? Akianza kuzungukazunguka, jibu ameshalipata.